Kibodi tatu zimenifia na fildi inakaribia, niache au nijenge ya nne?

Swali limetoka kwa kijana wa Wete anaesoma diploma ya elektroniki huku Unguja, yuko mwaka wa pili. Aliandika refu, nalifupisha:

"Asalaam aleykum fundi. Nina hobi ya kujenga kibodi za mekanika na nilitaka niifanye projekti yangu ya chuo. Ya kwanza ilikuwa na Pro Micro, ile bodi ndogo yenye maikrokontrola (chipu inayoendesha kibodi), nikachomoa kebo mdomo wa USB ukatoka nayo. Ya pili niliagiza bodi ya hotswap, ile ya kuchomeka swichi bila kulehemu, batani nne hazisemi kitu tokea siku ya kwanza. Ya tatu nimeunga waya kwa mkono, batani 61, kesi na pleti (bamba la kushikia swichi) nimechongesha kwa mbao ya mfenesi. Pini hazikunitosha, zinatakiwa 19 na zipo 18, nikaunganisha safu ya kwanza na ya mwisho pamoja, sasa Esc na Backspace zinafanya kitu kimoja. E, D na C zinaandika mara mbili mbili. Nikishika Q, A na S pamoja inatoka W, ingawa A peke yake iko sawa. Masika yalipoanza batani za katikati zikawa zinakwama. Pesa aliyonitumia mjomba imekwisha, mwalimu anasema nacheza, na fildi ni mwezi ujao. Nafikiria nijenge ya nne ndogo ya batani 48 ambayo pini zitatosha, au niache kabisa nisome tu. Nifanye nini?"

Waaleykum salaam mdogo wangu.

Jibu kwanza, maelezo baadae: usiache, ila hiyo ya nne usijenge. Kaa na hizo hizo tatu uzitengeneze, na usinunue kitu zaidi ya vitu vidogo vya kutengenezea, kama risasi ya kulehemu na kichupa cha spiriti, mpaka fildi iishe. Najua si jibu ulilolitaka, mana kuagiza ndo kutamu, lakini nimesoma maelezo yako vizuri na simuoni mtu asiejua kazi, namuona mtu ambae kitu kikimgomea anahamia kitu kipya kabla hajajua kile cha mwanzo kimekufa kwa nini. Na kazi unayoisomea, kwa huku kwetu, sehemu kubwa ni hiyo hiyo ya kujua kitu kimekufa kwa nini. Unguja hatutengenezi AC, ila kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi mahoteli yana AC mbovu.

Tuanze na hiyo W inayojitokeza yenyewe, mana naona ndo iliyokutisha, na kusema kweli ndo rahisi kuliko zote. Si jini wala si mkono wa mtu. Batani 61 zikipewa kila moja waya wake zitataka pini 61, ndo mana tunazipanga kwa mistari ya kulala na safu za kusimama, kisha maikrokontrola inaushusha mstari mmoja mmoja hadi volti sifuri na kuangalia ni safu gani imeshuka pamoja nao, inazunguka hivo mara nyingi sana kwa sekunde moja. Q na W ziko mstari mmoja, A na S mstari wa chini yake. Q na A ziko safu moja, W na S safu ya pembeni. Chora huo mraba kwenye karatasi, chora kweli, usiseme unauona kichwani. Sasa ukishika zile tatu, umeme unaanza kwenye safu ya W, unashuka kupitia S mpaka mstari wa chini, unapita A kinyumenyume mpaka kwenye safu ya Q, halafu unapita Q na kufika mstari wa juu. Kontrola inaona safu ya W imeshuka, haina habari ya njia uliyopita umeme, inaandika W.

Kila batani ina dayodi yake, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na kazi yake ni kuizuia ile "kinyumenyume". Na tazama njia ile inakwenda kinyume pahala pamoja tu, kwenye A. Kwenye S na kwenye Q inapita kwa uelekeo wake wa halali. Kwa hivo dayodi yenye ubovu ni ya A, siyo ya W! Nimeona watu wanang'oa dayodi ya herufi inayojitokeza, wanaweka mpya, tatizo lipo vile vile, wanakasirika wanang'oa zote. Ushike huu mchoro: mbovu ni ile inayotazamana pembe kwa pembe na herufi ya uongo. Ukiwa na herufi nyingine zinazojitokeza, fanya hivo hivo, tafuta pembe ya pili.

Halafu kuna dalili nyingine umeitoa wewe mwenyewe bila kujua thamani yake. Umesema A peke yake iko sawa. Basi dayodi yake hukuigeuza, mana ingekuwa imegeuka ungeipata hiyo W vile vile lakini A yenyewe ingekuwa kimya. A inaandika, kwa hivo dayodi imepitwa pembeni, mguu umegusa pahala na umeme unapita bila kuingia ndani yake, au imeungua imekuwa kipande cha waya. Chomoa USB, weka mita kwenye alama ya dayodi, gusa miguu yake miwili: upande mmoja itasoma 0.6 na kitu, ukigeuza waya za mita isisome kitu. Ikisoma sifuri kote kote au ikalia, ushaipata. Na kwa vile waya wa mstari umeutengeneza kwa miguu ya dayodi zenyewe ukiikunja na kuiunga (njia nzuri, wengi tunafanya hivo), mimi macho yangu yangekwenda kwanza pale ulipoukunja, kuangalia kama haujalala juu ya mguu wa swichi. Kipande cha plastiki ya waya ukikivisha hapo kazi imekwisha.

Sasa E, D na C kuandika mara mbili. Hapa utashauriwa na kila mtu uongeze ile namba ya debounce (muda ambao kontrola inasubiri batani itulie) kwenye fimwea, yaani programu iliyomo ndani ya kontrola, ile ya QMK kwa kawaida inaweka milisekunde 5, watakwambia weka 10 au 20. Usiiguse kwanza. Ingekuwa herufi moja hapa moja kule ningesema swichi, zina vumbi au vyuma vyake vya ndani vimechoka. Lakini E, D na C ni safu moja ya kusimama, zinatumia waya mmoja, na swichi tatu haziwezi kukubaliana kuugua pamoja siku moja. Ugonjwa uko kwenye kile wanachoshirikiana, yaani ule waya wa safu, na zaidi pale unapoingia kwenye Pro Micro. Ukibonyeza, pleti ya mbao inacheza kidogo, kiungo kinaachia na kushika, kontrola inahesabu mara mbili. Ukipandisha ile namba utakificha tu, na baada ya wiki kadhaa safu nzima itakuwa imekufa na utakuwa ushasahau ilianza vipi.

Kiungo kibaya unakijua kwa macho: risasi imekaa kama tone juu ya chuma haikutandaa, au ina rangi ya kijivu iliyofifia na mikunjo. Usikiongezee risasi juu, ifyonze ya zamani, safisha, anza upya. Risasi ya 60/40 inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, pasi ikiwa 320 mpaka 350 inatosha kabisa, chuma ndo kipate moto kwanza kisha risasi uigusishe chuma, siyo uiyeyushe kwenye ncha ya pasi halafu uipake. Zile pasi za bei rahisi zisizo na kidhibiti cha moto zinapita huko mbali, ndo zinazonyanyua shaba kwenye bodi, ukiwa nayo moja basi gusa sekunde mbili tatu uondoke. Na tafadhali sana, sijui kama wewe umefanya hivo lakini naona sana vijana wanafanya, usitumie ile asidi ya mafundi bati kulehemu elektroniki. Inashika vizuri siku ya kwanza mpaka unafurahi, kisha inakula shaba taratibu, na kwa hewa yetu hii ya chumvi inakula haraka zaidi. Tumia fluksi ya utomvu, rozini, basi. Ukimaliza futa na spiriti ya isopropili na uoshe mikono kabla ya kula, ile risasi ni risasi kweli.

Haya, pini 19. Hapa ndo nilipotaka kucheka kidogo usinune. Esc na Backspace zinafanya kitu kimoja, na bila shaka Tab na ile alama ya mkwaju wa nyuma (\) nazo zinafanana, hukuisema lakini lazima iwe hivo, mana ukiunga safu mbili kuwa moja kontrola haiwezi kuzitofautisha tena. Kosa lilikuwa kuipanga matriksi kwa kufuata sura ya kibodi. Hesabu batani zako: mstari wa juu 14, wa pili 14, wa tatu 13, wa nne 12, wa chini kabisa kwenye spacebar 8 tu. Jumla 61. Yaani safu nzima ya 14 umeiweka kwa ajili ya batani mbili, Backspace na mkwaju, na wakati huo huo mstari wa chini una nafasi tano tupu ndani ya safu 13!

Matriksi haijui batani imekaa wapi juu ya meza. Inajua namba ya mstari na namba ya safu basi. Kwa hivo Backspace ikate kutoka mstari wa kwanza, dayodi yake ipeleke mstari wa tano, na mguu wake wa pili uunge kwenye safu ambayo huku chini haina batani. Mkwaju nao hivo hivo, safu nyingine isiyo na batani chini. Kama kuna kitu chengine ulikiweka safu ya 14, kwa mfano Ctrl ya kulia, nayo ihamishe, nafasi zipo. Waya mbili zitakuwa ndefu na mbaya kutazama, hakuna atakaeziona. Kisha zitenganishe zile safu mbili ulizoziunga, safu zinabaki 13, mistari 5, jumla 18, na Pro Micro ina pini 18 zinazotumika. Inakaa sawasawa. Kwenye faili la QMK badilisha nafasi za hizo batani tu, na kumbuka wao wanaanza kuhesabu sifuri, kwa hivo mstari wa tano unaandikwa 4 na safu ya 12 inaandikwa 11. Ukikosea huko hakiharibiki kitu, hata umeme ukikatika katikati ya kupakia fimwea: butluda, ile programu ndogo ya kupokelea fimwea, iko sehemu yake imelindwa, unagusanisha pini za RST na GND mara mbili haraka unapakia tena.

Umeona basi kibodi ya nne ya batani 48 ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya kukwepa hesabu hii. Mistari 4 na safu 12 ni pini 16, kweli zingetosha, na ungekuwa umetumia pesa nyengine kwa tatizo ambalo dawa yake ni kuhamisha waya chache.

Mbao sasa. Mfenesi ni mbao nzuri, mafundi wetu wamechongea milango na samani tokea zamani, na kesi ya kibodi ya mfenesi naikubali mia kwa mia. Pleti sikubali. Swichi za umbo la MX, hizi zilizozoeleka, zinataka tundu la mraba wa milimita 14, na kutoka katikati ya moja mpaka katikati ya jirani yake ni milimita 19.05, yaani baina ya tundu na tundu unabaki ukuta wa milimita tano tu. Juu ya hilo, vile vimeno vya swichi vimetengenezwa kushika pleti yenye unene wa milimita 1.5. Mbao ya unene huo itapasuka, na mbao nene haishikwi na vimeno, swichi inakaa tu kwa kubanwa. Ikaja masika. Mbao ikinyonya unyevu inavimba, na inavimba zaidi kukata nyuzi zake kuliko kwa urefu wa nyuzi, kwa hivo tundu ulilolichonga mraba linageuka kuwa jembamba upande mmoja na linaikamata swichi mbavuni. Pembeni umeifunga kwa skrubu haina pa kwenda, inapanda juu katikati, ndo mana zinazokwama ni za katikati.

Hakikisha kabla ya kuniamini: ile iliyokwama itoe kepu yake, isukume swichi kwa chini mpaka itoke kwenye tundu ikiwa bado na waya wake, ibonyeze mkononi. Ikienda laini basi ni tundu. Lipige tupa kidogo kidogo upande ule uliobana, usiwe na pupa, kisha lipake vanishi mpaka ndani ya matundu na upande wa chini pia, watu wanapaka juu kwa ajili ya kung'ara wakati unyevu unaingilia chini. Itakufikisha. Siku ukiwa na pesa pleti ibadilishe iwe alumini ya milimita 1.5, kesi ibaki ya mfenesi. Ile akriliki ya mabango ya milimita tatu usiikimbilie, vimeno haviishiki vile vile.

Kibodi ya pili, hii ya hotswap, mimi nina hakika karibu yote kwamba ni nzima na umeiweka kabatini bure. Batani nne kimya tokea siku ya kwanza, kwenye bodi ya hotswap, mara nyingi sana ni mguu wa swichi uliojikunja wakati wa kuibana. Ile miguu ni myembamba, ikikosa tundu inalala chini ya swichi na juu huoni kitu. Chomoa hizo nne uziangalie matako. Ukikuta mguu umelala unyooshe kwa koleo ndogo, urudishe wima. Na kabla ya kuirudisha, bodi ikiwa imechomekwa kwenye laptopu, chukua kibano cha chuma ugusanishe vyuma viwili vya soketi. Herufi ikitoka, bodi na dayodi ni nzima, ubaya ni swichi, weka swichi yoyote ya umbo hilo, kina Gateron, Kailh na Outemu wote wanatengeneza. Herufi isipotoka geuza bodi uangalie kama soketi imenyanyuka upande mmoja, inalehemiwa tena. Na siku nyengine ukibana swichi weka kidole nyuma ya soketi uizuie, ndo inavonyanyuka hiyo, watu wanasukuma juu na chini hakuna kinachozuia.

Ya kwanza, Pro Micro iliyong'oka mdomo. Ule mdomo wa maikro USB kwenye zile bodi umeshikwa na risasi tu, kung'oka ni kawaida yake, dawa ni kuuzungushia gundi ya epoksi kabla hujaanza kuutumia, na hiyo ulonayo sa hivi kwenye ya tatu ifanyie leo leo. Ile iliyong'oka usiitupe. Chukua kebo ya mausi mbovu, kwa kawaida ndani utakuta nyekundu ni volti 5, nyeusi ni graundi, nyeupe ni D- na ya kijani ni D+, lakini pima kwanza mana kebo za bei rahisi haziheshimu rangi. D- na D+ uziunge kwenye zile rizista mbili ndogo za ohm 22 zilizo karibu na mdomo ulipokuwa. Ni kazi ya macho na pumzi, pengine utashindwa, sawa, ushashindwa na kitu ambacho kimeshakufa. Ukiweza hiyo hakuna simu itakayokutisha mezani.

Sasa hili la mwalimu. Mwalimu wako ana nusu ya haki. Akikuona na video za sauti za swichi na rangi za kepu ataona mchezo, na ungekuwa wewe ndo mwalimu ungeona hivo hivo. Usishindane nae. Mpelekee ule mraba wa Q, W, A, S uliochorwa kwa kalamu, na namba za mita pembeni, umuonyeshe ulivojua kuwa dayodi mbovu ni ya A bila kuigusa W. Hiyo ni matriksi ile ile iliyo ndani ya rimoti ya AC, ndani ya vibonyezo vya maikrowevu, ndani ya kikokotoo. Kama projekti bado hujaiandikisha, ningeibadilisha kichwa: siyo "kujenga kibodi", iwe kutafuta hitilafu kwenye matriksi ya vibonyezo, na kibodi zako tatu ndo ushahidi. Unayo tayari makosa ya aina tofauti, kila moja na dalili yake, wenzio watakuwa wanaazima makosa ya kuandika.

Na fildi yenyewe watakupa lile daftari la kujaza kila siku. Anza kulizoea sasa, ukurasa mmoja kwa tatizo moja: nini kinaonekana, nadhani nini, nilipima wapi, ilisoma ngapi, nikafanya nini, ikawaje. Badilisha kitu kimoja tu kisha pima. Kwa ulivoandika, naona kwenye ile ya tatu kuna siku ulibadilisha waya, fimwea na swichi kwa pamoja, sasa hata ingepona usingejua kilichoiponya. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ile miezi kebo ya baharini ilipokufa na kisiwa kizima kinaishi kwa majenereta, wanajua mafundi walipata kazi gani: meza yangu mimi ilijaa power supply, televisheni, friji, na mteja amesimama juu ya kichwa. Huwezi kumwambia mteja ngoja nijenge mpya. Waliokuwa wanapima walikula, waliokuwa wanabadilisha badilisha vipuri waliishia kununua vipuri kwa pesa zao.

Kuhusu muda, jioni moja kwa wiki mpaka mitihani, labda Ijumaa baada ya laasiri, na pasi ikizimwa imezimwa. Hamu ikikuzidi siku za katikati cheza na keymap, yaani mpangilio wa herufi, kwenye ile programu ya VIA, haili pesa wala haichomi vidole. Sisi tunaoandika Kiswahili Q na X zinakaa tu bure, na A ambayo tunaipiga kuliko herufi yoyote imewekewa kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote, hebu fikiria. Ritifaa ya ng' nayo iko pembeni huko karibu na Enter. Mimi ningeiweka kwenye Q, halafu Q yenyewe naitupa leya ya pili, ile inayofunguka ukishika batani maalum. Wengine watakwambia ni wazimu. Jaribu uone mkono wako unasemaje.

Na siku itakayofika ya kujenga nyengine, baada ya fildi na kwa pesa yako mwenyewe siyo ya mjomba, ningekwambia uangalie Raspberry Pi Pico, ilitoka 2021 kwa dola 4, ina pini 26 za kutumia, hutapata tena mawazo ya kuunganisha safu. Ila tunza kuwa yenyewe inatumia volti 3.3. Hewa yetu hii, ukimaliza kupima kila kitu, viungo vipake vanishi ya kucha ile isiyo na rangi, na vifaa vyako viweke kwenye bati lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu. Si mapambo hayo, nimeziona bodi za Mkokotoni zimeota kijani ndani ya msimu mmoja.

Usiku wa leo anza na ya pili, kibano na zile batani nne, mana nataka upate moja inayofanya kazi kabla hujalala. Halafu dayodi ya A. Halafu waya wa safu ya E. Backspace na mkwaju ziache mpaka umechora matriksi mpya yote kwenye karatasi na kuihesabu, na mbao ndo ya mwisho kabisa. Ukikwama niandikie tena, unipe namba ulizozisoma kwenye mita na picha ya nyuma ya bodi yenye mwanga wa kutosha. Video ya sauti ya swichi usinitumie yakhe.